Dau Lisiloelezwa: Mwamuzi wa Briji na Wachezaji Asiowaona

Wasikilizaji wawili watatu wameniomba nizungumzie jambo ambalo kwa mbali laonekana dogo. Ukicheza karata kwa kompyuta au kwa simu na watu usiowaona, mmoja yuko Ulaya na mwingine yuko Bara Hindi, halafu ukahisi umepunjwa, nani atakuamulia? Na huyo mwamuzi, ambaye naye hakuoni, ataamua kwa ushahidi gani? Nimeona nijibu kwa mchezo mmoja tu, nao ni briji, kwa kuwa watu wake walianza kulisumbukia swali hili zamani, kabla kompyuta haijaingia majumbani, na sheria zao zimeandikwa, zimepigwa chapa na kurekebishwa mara nyingi.

Karata si ngeni kwetu. Majina tunayotumia pwani, yaani kopa, uru, shupaza na pau, tuliyapata kwa Wareno, na hata neno turufu asili yake ni huko huko. Wala si ngeni kwetu ile hila ya kukonyezana. Wawili wanacheza upande mmoja; mmoja anajikuna sikio, na mwenziwe anaelewa kuwa rea ya kopa, ile karata ya moja, iko mikononi salama. Barazani jambo hili likigunduliwa huishia kwa kicheko au kwa ugomvi, karata zikakusanywa, watu wakaenda kulala. Briji haikuweza kuishia hapo, kwa sababu ni mchezo wenye mashindano ya dunia, na kwa sababu nyingine iliyo ndani ya mchezo wenyewe.

Nieleze kidogo kwa wasioujua. Briji tunayoijua leo ilipata sura yake mwaka 1925, pale tajiri wa Kimarekani Harold Vanderbilt alipokuwa safarini katika meli iliyoitwa Finland, wakipita mfereji wa Panama. Wachezaji ni wanne, wawili wawili wakitazamana, na kila mmoja hupewa karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja dau, kwa mfano "moja ya kopa" au "mbili bila turufu", akiahidi kwamba upande wake utakula mizunguko kadhaa. Anaweza pia kusema "pasi", au "dabo", au kujibu dabo kwa "ridabo". Ukihesabu yote, matamko yanayoruhusiwa ni 38 tu. Hayo ndiyo maneno yote unayoruhusiwa kumwambia mwenzako. Huruhusiwi kuguna, wala kutabasamu, wala kuiweka karata mezani kwa kishindo.

Sasa angalia ugumu uliopo. Aina za mikono ya karata 13 anazoweza kupewa mtu mmoja zinapita bilioni 635, na maneno ni 38. Basi wachezaji walifanya kile ambacho binadamu yeyote mwenye msamiati mdogo angefanya: wakalipa neno moja maana nyingine. Mwaka 1945 Samuel Stayman wa New York alichapisha mtindo ambao leo unabeba jina lake. Mwenzako akifungua kwa "moja bila turufu" nawe ukajibu "mbili za pau", husemi kwamba una pau. Huenda huna hata moja. Unamuuliza: je, unazo kopa nne au shupaza nne? Kabla ya hapo Easley Blackwood wa Indianapolis alikuwa amebuni dau la "nne bila turufu" la kuulizia idadi ya rea. Mitindo ya namna hii leo ni mingi mno, na inaendelea kuzaliwa.

Hivyo ndani ya mnada kuna mafumbo, na mafumbo hayo ni halali. Kinachokatazwa ni siri. Sheria ya briji inasema, kwa maneno yangu, kwamba chochote mnachokubaliana wewe na mwenzako kuhusu maana ya dau, wapinzani wenu wana haki ya kukijua kama mnavyokijua nyinyi. Lugha iwe yenu, lakini kamusi iwe ya watu wote wanne.

Hapa wengi huchanganyikiwa, nami naomba tusimame kidogo. Kumdanganya mpinzani kwa dau si kosa. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Bibi Dorothy Rice Sims wa Marekani alipata umaarufu kwa kutaja madau yasiyofanana kabisa na karata alizoshika. Akaandika na kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1932. Ukitaka kusema una shupaza na huna, sema. Sharti ni moja: mwenzako adanganyike sawasawa na wapinzani. Ikiwa yeye anajua kuwa una tabia hiyo na wao hawajui, basi uongo wako umegeuka kuwa makubaliano ya siri, na hapo ndipo kosa lilipo. Kwa hiyo dau la uongo ni ujanja wa mchezo, bali maelezo ya uongo ni kuvunja sheria. Tofauti hii ikikupotea, hutaelewa hukumu hata moja ya mwamuzi wa briji.

Miaka mingi, hata hivyo, watu wa briji walishughulika zaidi na swali la nani mwizi kuliko swali la nani ameumia. Na kisa kilichowafundisha hasara ya njia hiyo ni kile cha Buenos Aires.

Mwezi Mei 1965 mashindano ya ubingwa wa dunia, yaitwayo Bermuda Bowl, yalifanyika katika mji huo wa Argentina. Katika timu ya Uingereza walikuwamo Terence Reese na Boris Schapiro, wachezaji wawili waliosifika dunia nzima. Reese pia alikuwa mwandishi wa vitabu vya briji ambavyo hadi leo vinasomwa. Mmarekani B. Jay Becker, akiwa mezani nao, akaona kwamba mabwana wale wanashika karata kwa namna ya ajabu. Mara vidole viwili vinaonekana nyuma ya karata, mara vitatu, mara vimebanwa, mara vimepanuliwa. Akamweleza mwenziwe, Dorothy Hayden, na mwandishi wa habari Alan Truscott. Wakakaa, wakaandika walichokiona, wakakilinganisha na karata zilizokuwa zimechezwa, kisha wakatamka kuwa wamelivunja fumbo: vidole vinataja idadi ya kopa.

Shirikisho la Briji la Dunia likawatia hatiani huko huko. Nyumbani Uingereza ikaundwa tume, mwenyekiti wake Sir John Foster, mwanasheria na mbunge, akisaidiwa na Jenerali Lord Bourne. Mwaka 1966 tume ikatoa uamuzi wake: ushahidi wa walioona vidole ni mzito, lakini ukitazama jinsi wawili hao walivyonadi na walivyocheza, huoni kuwa walizitumia habari hizo, kwa hiyo shitaka halikuthibitika pasipo shaka. Shirikisho la dunia halikuufuta uamuzi wake. Watuhumiwa walikana. Reese alifariki mwaka 1996 na Schapiro mwaka 2002, na wapenzi wa briji bado wanabishana. Mahakama mbili, vidole vilevile, hukumu mbili. Ndivyo inavyokuwa unapomtaka mwamuzi aingie ndani ya kifua cha mtu akalete jibu la ndiyo au hapana.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1975, mashindano yale yale yakafanyika kisiwani Bermuda. Safari hii wakuu walikuja na dawa. Kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia waliweka kiambaza juu ya meza, kikikata kona kwa kona, ili mchezaji asiuone uso wa mwenziwe wala vidole vyake. Dawa nzuri, ila ilifika usawa wa meza ikakoma. Waitaliano wawili, Gianfranco Facchini na Sergio Zucchelli, wakalalamikiwa kwamba mmoja anamgusa mwenziwe miguu huko chini. Wakakaripiwa vikali, wakaendelea na mashindano, na chini ya meza kikawekwa kizuizi. Timu yao ya Italia ikatwaa ubingwa. Naijua hadithi hii siku nyingi, na kila nikiisimulia sina budi kucheka. Lakini kile kiambaza kilileta jambo kubwa ambalo nitalirudia.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 vyama vya briji, kikiwamo kile cha Amerika Kaskazini, vilianzisha utaratibu wa ilani. Maana yake ni hii: nikitaja dau lenye maana ya fumbo, mwenzangu, si mimi, hutoa ilani kwa sauti ili wapinzani wajue hapa pana jambo, na wakitaka wamwulize. Kwa nini yeye? Kwa sababu wapinzani hawana haki ya kujua karata zangu. Wana haki ya kujua makubaliano yetu, na anayeweza kuyaeleza bila kutazama karata zangu ni mwenzangu. Akikaa kimya pale alipopaswa kusema, kimya hicho huhesabiwa kuwa ni maelezo ya uongo. Sheria za leo zinalitaja hilo waziwazi.

Na mwamuzi, ambaye ndiye msimamizi wa mashindano, akapewa kazi mpya. Edgar Kaplan wa New York, mhariri wa jarida la The Bridge World, alikuwa na mkono mkubwa katika matoleo ya sheria ya 1975 na 1987, na ndiyo miaka ambayo fikra hii ilishika mizizi. Mwamuzi akiitwa mezani haanzi kwa kuuliza, "Ulikusudia?" Anauliza makubaliano yenu ni yapi, na wapinzani waliambiwa nini. Kisha anajiuliza mwenyewe: wangeambiwa sawasawa, wangenadi vipi, wangecheza vipi? Ikiwa matokeo yangekuwa bora kwao, anayafuta yaliyotokea na kuandika mengine. Basi. Hakuna aliyeitwa mwizi. Anayedanganya kwa makusudi ana mlango wake, nao ni wa kamati ya nidhamu; meza ya mwamuzi inatengeneza madhara tu. Kwa maoni yangu huu ndio uvumbuzi mkubwa wa briji, mkubwa kuliko mitindo yote ya kunadi, kwa maana uliwawezesha watu kulalamika bila kutukanana.

Sheria ikaongeza na hili. Mwenzangu akieleza kwamba dau langu linamaanisha kopa, kumbe nina uru, kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda yeye amekosea kueleza, na hapo wapinzani wanastahili fidia. Au huenda ameeleza makubaliano yetu vilivyo, ila mimi ndiye nimesahau nikataja visivyo. Hapo wapinzani hawana chao, maana waliambiwa ukweli wa makubaliano, na mimi kusahau ni bahati mbaya yao. Mwamuzi atajuaje ni lipi? Atatazama kadi ya mitindo, ile karatasi ambayo kila jozi hujaza kabla ya mashindano. Asipopata ushahidi, sheria inamwamuru achukulie kuwa maelezo ndiyo yaliyokosewa. Mzigo wa karatasi chafu unambeba mwenye karatasi.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1990 Matthew Clegg, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, alitengeneza OKbridge, iliyowawezesha watu wanne walio mbalimbali kucheza kwa njia ya intaneti. Mwaka 2001 Mkanada Fred Gitelman na wenziwe wakafungua Bridge Base Online, ambayo ikaja kuwa uwanja mkubwa wa mchezo huu. Halafu ukaja mwaka 2020. Korona ikafunga klabu. Mwezi Machi mashindano makubwa ya Amerika Kaskazini yaliyokuwa yafanyike Columbus, Ohio, yakafutwa. Na wazee waliokuwa wamecheza kwenye meza ya mbao maisha yao yote wakajikuta mbele ya kioo, wakitafuta mahali pa kubonyeza.

Wengi wao waliendelea na mazoea: mimi nataja dau, mwenzangu atatoa ilani. Kumbe kwenye kompyuta mambo yamegeuzwa. Anayetaja dau ndiye anayeandika maana yake katika kisanduku kidogo, wapinzani wakaiona, na mwenziwe asiione. Chimbuko la jambo hili ni kile kiambaza cha 1975, kwani aliyekaa nyuma ya kiambaza hawezi kumsikia mwenziwe, na kila mmoja humweleza mpinzani aliye upande wake. Faida yake ni kubwa. Mezani, ilani ya mwenzangu inaniamsha. Nikisikia anaeleza tofauti na nilivyokusudia, nimeshajua kuwa hatujaelewana, na sheria inanitaka nijifanye sikusikia. Nani anaweza? Kwenye kompyuta shida hiyo imekwisha kabisa, maana sisikii kitu.

Lakini imezaliwa nyingine, na hii ndiyo inayowaumiza vichwa waamuzi. Mezani mwenzangu alikuwa anaeleza makubaliano. Kwenye kompyuta mimi naeleza nia yangu. Chukua mfano. Mwenzangu amefungua "moja bila turufu", nami najibu "mbili za uru". Jozi nyingi zimekubaliana kuwa jibu hilo maana yake ni kopa. Nasi tumekubaliana hivyo na tumeandika kwenye kadi, ila mimi jioni hii nimechoka, nimesahau, na nina uru kweli. Siandiki kitu kisandukuni. Wapinzani wanadhani nina uru, na kweli ninazo! Wamepata habari sahihi ya karata zangu, ambayo hawakuwa na haki nayo, na wamenyimwa habari sahihi ya makubaliano yetu, ambayo ndiyo haki yao. Mwenzangu anajibu "mbili za kopa" kwa kufuata makubaliano, na mpinzani mwenye kopa tano anadhani mwenzangu anazo kopa nyingi, ananyamaza. Mezani kusahau kwangu kusingeniletea adhabu. Mwenzangu angeeleza sawasawa, na aliyepata hasara angeimeza. Hapa mwamuzi anaweza kubadilisha matokeo. Kosa ni lile lile, kichwa ni kile kile, hukumu imegeuka kwa kuwa msemaji amebadilika.

Wapo wanaosema hii ni dhuluma kwa msahaulifu. Mimi siafiki. Wapinzani hawakuahidiwa kumbukumbu yangu; waliahidiwa kadi yetu. Ila nakubali kwamba mwamuzi wa namna hii anahitaji subira kuliko yule wa zamani aliyesimama kando ya meza akawatazama watu machoni.

Macho hana, ndiyo, lakini amepewa kitu kingine. Kompyuta inahifadhi kila dau, kila karata na kila maelezo yaliyoandikwa kisandukuni. Yule mtu wa kutaja shupaza asizo nazo, akilalamikiwa, mwamuzi anaweza kufungua kumbukumbu akatazama: je, amefanya hivi mara nyingi? Na mwenziwe, siku hizo, alinadi kama aliyeamini au kama aliyejua? Bibi Sims angepata taabu. Ushahidi ambao Truscott na wenziwe waliuandika kwa kalamu mwaka 1965 leo umelala tayari, ukisubiri kusomwa.

Nimalizie na kesi ya kawaida kabisa, ya kubuni, lakini ya aina inayowafikia waamuzi kila mara. Katika briji rea huhesabiwa alama 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Mchezaji wa kaskazini anafungua "moja bila turufu". Wengi hufungua hivyo wakiwa na alama 15 hadi 17. Yeye na mwenziwe wamekubaliana 12 hadi 14, na kanuni za mashindano zinawataka waandike hivyo. Hakuandika. Mpinzani wa mashariki ana alama 15. Dhidi ya mkono dhaifu, dabo yake ingekuwa ya adhabu. Dhidi ya mkono wenye nguvu, kwa mtindo wao, dabo ina maana nyingine kabisa, hivyo anasema pasi. Wote wanapasi. Ahadi inavunjika kwa mizunguko miwili, mashariki na magharibi wanapata 100. Kwa dabo wangepata 300. Wanamwita mwamuzi.

Kaskazini anajitetea kwamba mashariki angebonyeza dau na kuuliza. Si hoja ya kupuuzwa, maana mchezaji mzoefu hutarajiwa kujilinda. Hata hivyo aliyekuwa na wajibu wa kwanza ni kaskazini, na kisanduku kikiwa kitupu mtu huchukulia desturi ya wengi. Mwamuzi anawauliza wachezaji kadhaa wa kiwango kilekile, mmoja mmoja, bila kuwaambia kisa: ungekuwa na karata hizi, ukaambiwa 12 hadi 14, ungefanyaje? Wengi wanajibu dabo. Anawauliza na wengine: ungekuwa kusini, ukapigwa dabo, ungebaki au ungekimbilia pau? Majibu yanagawanyika, na kwa pau kaskazini na kusini wangetimiza mbili wakapata 90. Tangu toleo la sheria la 2007 mwamuzi ana ruhusa ya kupima kwa uzani, basi anaandika: asilimia 60 ahadi ya "moja bila turufu" kwa dabo, imevunjika mara mbili, asilimia 40 "mbili za pau", zimetimia. Wote wanne wanayaona matokeo mapya kwenye kioo. Kaskazini hajibu kitu. Mnada unaofuata unapoanza, anaandika kisandukuni kwake: 12 hadi 14.